Je, tajiri mmoja aliinunua Washington? Jibu kwa msomaji wa Pittsburgh

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Pittsburgh tangu 2014, na mwaka jana niliapa uraia. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mzee niliye naye sasa ana miaka 88 na kila asubuhi lazima asome gazeti lake kwenye tableti. Juzi aliniambia gazeti hilo lilikuwa la tajiri mmoja anaitwa Scaife, na kwamba huyo bwana ndiye aliyeinunua Washington watu wakitazama. Nikaenda kusoma, nikachanganyikiwa zaidi. Kwenye kundi letu la WhatsApp wengine wanasema rais wa Marekani anawekwa na matajiri watano, kura ni maigizo tu. Wengine wanasema hayo ni maneno ya walioshindwa. Naomba unieleweshe: mtu mmoja anaweza kuinunua siasa ya nchi kubwa hivi? Na kama ni kweli, kura niliyoisubiri zaidi ya miaka kumi ina kazi gani? Halafu mdogo wangu ana kadi ya kijani, kila siku anatumiwa meseji achangie dola 25. Akichanga atajiletea matatizo?"

Marahaba dada yangu, na hongera kwa uraia. Barua yako nimeisoma mara mbili. Maswali ni matatu, lakini naona yote yanatoka kwenye hofu moja: umesubiri, umeapa, umekabidhiwa haki, na sasa unaambiwa haki yenyewe ilishauzwa kabla hujafika. Hofu hiyo naiheshimu. Sitakwambia ni upuuzi, kwa sababu fedha za matajiri zina nguvu kubwa Marekani kuliko katika nchi nyingi za kidemokrasia. Lakini Scaife hakuinunua Washington. Alinunua kitu kingine, na ukikijua vizuri utajua pia kura yako inafanya kazi wapi.

Kwanza mtu mwenyewe. Richard Mellon Scaife alizaliwa hapo hapo Pittsburgh mwaka 1932, katika ukoo wa Mellon: benki, kampuni ya mafuta ya Gulf, kampuni ya aluminiamu ya Alcoa. Kaka wa babu yake, Andrew Mellon, alikuwa waziri wa fedha wa Marekani kuanzia 1921 hadi 1932. Kwa hiyo Scaife mali hakuitafuta, aliikuta. Alifariki tarehe 4 Julai 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 82. Hakuwahi kushika cheo chochote cha kuchaguliwa, na waandishi aliwakwepa maisha yake yote. Mwandishi aliyemchimba kwa kina mwaka 1981, Karen Rothmyer, ambaye baadaye alifanya kazi ya uandishi Nairobi, alipomkabili barabarani Boston hakupata majibu, alipata matusi.

Sasa nikwambie kosa linaanzia wapi, kwa sababu hata mimi nimelibeba miaka mingi. Sisi tuliokulia Tanzania tukisikia "fedha kwenye siasa" tunaona takrima: pilau, khanga, soda, na noti inayopenyezwa kwenye kiganja wiki ya mwisho. Mahakama Kuu iliviondoa vifungu vya takrima kwenye sheria mwaka 2006, ila picha imebaki vichwani. Katika picha hiyo anayenunuliwa ni mpiga kura, au ni mheshimiwa, na malipo ni ya papo kwa papo. Ukimtafuta Scaife kwa picha hiyo hutamwona. Hakuna aliyekuja kwenye vitongoji vyenu kama Homewood au Braddock kugawa noti. Na kumpa mgombea moja kwa moja kuna kikomo: kwa uchaguzi wa 2025 na 2026, mtu binafsi haruhusiwi kumpa mgombea wa ngazi ya shirikisho zaidi ya dola 3,500 kwa kila uchaguzi. Bilionea na wewe mko sawa hapo.

Ni kweli aliwahi kujaribu njia ya kumjaza fedha mtu mmoja. Mwaka 1972 alimpa Rais Richard Nixon karibu dola milioni moja kwa kampeni. Haikuwa hundi moja. Zilikuwa hundi 330, kila moja ya dola 3,000, zikigawanywa kwenye kamati nyingi. Piga picha ya rundo hilo mezani: hundi juu ya hundi, kiasi kile kile, sahihi ile ile. Kwa nini 3,000? Kwa sababu zawadi iliyozidi hapo kwa mpokeaji mmoja ilikuwa inaangukia kwenye kodi. Hakuvunja sheria. Alitembea ukingoni mwake kwa kipimo cha rula.

Halafu ikaja kashfa ya Watergate, watu wa Nixon walipofumaniwa wakiwapeleleza wapinzani wake. Nixon akaonekana alivyo, na gazeti la Scaife mwenyewe likataka aondolewe. Agosti 1974 rais akajiuzulu, na milioni ile ikapotelea hewani. Mwaka huo huo Bunge likakaza sheria za michango, na Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi ikaundwa. Kuanzia hapo uzito wa fedha za Scaife ulikuwa kwenye taasisi. Mwanasiasa hushindwa, hufumaniwa, hubadili chama, hufa. Taasisi huajiri kijana leo, na miaka thelathini baadaye kijana huyo ni jaji.

Hapa inabidi nikueleze mtambo wenyewe, maana bila huo mambo mengine hayaeleweki. Neno wakfu unalijua. Pwani, mtu akiweka shamba la minazi kuwa wakfu wa msikiti, nazi zinaliwa na mnazi haukatwi. Wakfu wa kitajiri wa Marekani unafanana na huo: mtaji umekaa kwenye hisa na dhamana, sheria inataka karibu asilimia 5 ya thamani yake itoke kila mwaka kwenda kwenye shughuli za manufaa ya umma, na serikali kwa upande wake inauondolea sehemu kubwa ya kodi. Mama yake Scaife, Sarah, aliwawekea wanawe amana zenye sharti kwamba kwa miaka 20 faida yote itolewe kwa mambo ya hisani, na miaka hiyo ikiisha mtaji ubaki kwa mtoto. Familia ikapunguza kodi ya urithi, kihalali kabisa. Na kijana wao akajikuta analazimika kisheria kutoa mamilioni kila mwaka. Kutoa hakukuwa hiari. Hiari yake ilikuwa kuchagua nani apewe.

Wakfu hauruhusiwi kumpigia kampeni mgombea. Hilo liko wazi. Lakini kulipa mshahara wa mtafiti si kampeni. Kudhamini jarida si kampeni. Kuwalipia wanafunzi wa sheria semina ya wikendi si kampeni. Kupitia wakfu tatu alizozitawala, Sarah Scaife Foundation, Carthage na Allegheny, pamoja na mifuko mingine ya familia, alifanya hivyo kwa miongo minne bila kuchoka. Gazeti la Washington Post lilipokaa kuhesabu mwaka 1999 lilipata angalau dola milioni 340 zilizoenda kwenye taasisi na harakati za kihafidhina. Heritage Foundation, taasisi ya kihafidhina ya kutafiti sera iliyoko Washington, ilianzishwa 1973. Fedha za mwanzo zilitoka kwa Joseph Coors, mtengeneza bia wa Colorado, lakini Scaife alifuata na kuwa mfadhili wake mkubwa kwa miaka mingi. Ronald Reagan aliposhinda mwishoni mwa 1980, Heritage walikuwa na kitabu cha sera tayari, zaidi ya kurasa 1,000, wizara kwa wizara: punguza hiki, futa kile, mteue mtu wa namna hii. Na ule Mradi wa 2025 (Project 2025) uliousikia kwenye kampeni ya 2024, kitabu kingine cha sera cha zaidi ya kurasa 900, ulitoka taasisi hiyo hiyo mwaka 2023. Scaife alikuwa kaburini miaka tisa.

Watu huniuliza: karatasi inageukaje kuwa nguvu? Mfuate mtafiti mmoja. Ana miaka 26, amelipwa vizuri, ana muda. Anaandika kurasa nane za kueleza kwa nini ruzuku fulani ifutwe, kwa lugha nyepesi, na muhtasari juu. Zinafika mezani kwa msaidizi wa mbunge ambaye ana siku moja ya kumwandalia bosi wake hoja. Msaidizi huyo hana maktaba wala watafiti, lakini sasa ana kurasa nane. Jioni mwandishi wa televisheni anatafuta mtu wa upande wa pili wa mjadala, na namba ya simu ya mtafiti iko chini ya karatasi. Kesho yake redioni wanazungumzia mjadala wa jana. Tangu 1987, tume ya mawasiliano ilipofuta kanuni iliyovitaka vituo vitoe pande zote za jambo lenye utata, redio ingeweza kuzungumzia upande mmoja mchana kutwa. Wiki ikiisha, jambo ambalo hakuna aliyekuwa akiliuliza limekuwa swali la taifa. Katika safari yote hiyo hakuna aliyehongwa. Kila mtu amefanya kazi yake ya kawaida. Ila mtu mmoja alilipia chakula cha safari nzima.

Hicho ndicho alichonunua, dada yangu. Alinunua maswali. Mpiga kura anapoingia kwenye chumba cha kura anachagua jibu kwa uhuru wake, ila maswali aliyoyakuta pale yaliwekwa na waliokuwa na subira ya miaka ishirini.

Sasa gazeti la mzee wako. Scaife alinunua Tribune-Review ya Greensburg, mji mdogo mashariki ya Pittsburgh, mwaka 1970. Mwaka 1992 mgomo ulipoyafunga magazeti ya mjini, yeye akaingia na toleo la Pittsburgh, kwa hiyo mzee wako huenda alianza kulisoma wakati huo. Lilikuwa gazeti la kweli, lenye waandishi wa kweli wa michezo, mahakama na halmashauri. Hapo ndipo wengi wanakosea wakidhani chombo cha tajiri ni uongo mtupu kuanzia ukurasa wa kwanza. Isingefanya kazi hivyo. Watu walilinunua kwa ajili ya Steelers, timu ya mpira ya mji, na habari ya mwenye gazeti ikawa inakaa jirani na habari ya Steelers.

Habari moja aliyoing'ang'ania ilikuwa ya kifo cha Vincent Foster, mwanasheria wa Ikulu na rafiki wa Rais Bill Clinton na mkewe Hillary, aliyejiua Julai 1993. Gazeti la Scaife lilimweka mwandishi, Christopher Ruddy, aliyeandika makala baada ya makala ya kutilia shaka kwamba alijiua. Uchunguzi wa mwendesha mashtaka maalumu, Robert Fiske, mwaka 1994 ulisema alijiua. Uchunguzi wa aliyempokea kazi, Kenneth Starr, ambaye hakuna awezaye kumwita kipenzi cha Clinton, ulisema hivyo hivyo mwaka 1997. Scaife hakukubali. Alisema hadharani kwamba kifo kile ndicho ufunguo wa kuuelewa utawala mzima wa Clinton. Wakati huo huo fedha zake, kiasi cha dola milioni 2.4, zilikuwa zinapita kwenye jarida la The American Spectator kulipia uchunguzi wa maisha ya Clinton huko Arkansas. Na hapa kuna tukio dogo nalitumia kila ninapofundisha: mwaka 1997 jarida hilo, la kihafidhina kama yeye, lilichapisha uhakiki mkali wa kitabu cha Ruddy kuhusu Foster. Scaife akawakatia fedha. Hakuandika barua ya kutaka wamsifu, hakuwapeleka mahakamani. Mfereji ulifungwa tu. Ukitaka kujua ufadhili unavyomtia mhariri adabu, angalia kilichowapata waliosema ukweli mara moja. Wengine wote wenye kupokea fedha wanaona, na hawahitaji kuambiwa.

Januari 1998 Hillary Clinton alisema kwenye televisheni kwamba kuna njama pana ya mrengo wa kulia dhidi ya mumewe. Alikosea nusu. Mumewe alikuwa amedanganya kweli kuhusu uhusiano wake na Monica Lewinsky, binti aliyefanya kazi Ikulu, na hakuna tajiri aliyemlazimisha kudanganya. Lakini mtandao wa watu, majarida na wanasheria waliofadhiliwa kumwandama ulikuwepo pia. Mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na ukimsikia mtu yeyote, wa kundi lolote kwenye WhatsApp yenu, anakuchagulia moja tu, mwombe amalizie.

Je, Scaife alifanikiwa? Clinton alishtakiwa na Baraza la Wawakilishi Desemba 1998, na Seneti ikamwachia tarehe 12 Februari 1999. Mwezi wa 11 mwaka 1998, kashfa ikiwa imepamba moto, chama cha Clinton kiliongeza viti kwenye Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo kwenye lengo la kumwangusha mtu, alishindwa. Na gazeti lenyewe lilimla: baada ya kifo chake watoto wake walikwenda mahakamani wakidai kwamba amana iliyowekwa na familia, mamilioni kwa mamilioni, ilikaushwa ili gazeti lisife. Toleo la karatasi la Pittsburgh lilikoma 2016, ndiyo maana mzee wako anasoma kwenye tableti.

Kuna jambo ambalo wengi hawaliamini nikilisema. Mwaka 2007 Scaife alikwenda kula chakula cha mchana na Bill Clinton ofisini kwake Harlem, wakaelewana. Machi 2008 Hillary aliketi na wahariri wa Tribune-Review, Scaife akiwemo, na Aprili gazeti likamwunga mkono dhidi ya Barack Obama kwenye mchujo wa chama cha Democratic huko Pennsylvania, alioushinda. Agosti 2014, kwenye kumbukumbu ya marehemu, mmoja wa waliosimama kuzungumza alikuwa Bill Clinton. Wazee wale wawili walipatana. Lakini uvumi wa Foster haukupatana na mtu. Unazunguka mpaka leo kwenye simu za watu, na Ruddy alianzisha Newsmax mwaka 1998, Scaife akiwa mmoja wa waliotia mtaji, chombo ambacho sasa kina televisheni na hisa zake zinauzwa New York. Mwenye fedha anaweza kubadili moyo. Alichokilipia hakibadiliki naye.

Jambo linalokuhusu wewe zaidi kuliko Clinton liko kwa dada yake. Cordelia Scaife May aliamini dunia imejaa watu kupita kiasi, na kutokana na imani hiyo akawa mfadhili mkubwa wa harakati za kupunguza wahamiaji. Alipofariki 2005 utajiri wake mwingi uliingia kwenye wakfu wa Colcom, wenye ofisi hapo hapo Pittsburgh. Kwa fedha hizo zimeishi taasisi kama FAIR, NumbersUSA na Center for Immigration Studies, ambazo kazi yake ni ile niliyokueleza: kurasa nane, msaidizi wa mbunge, mtafiti kwenye televisheni. Colcom huyo huyo ananunua misitu isikatwe, anasaidia kusafisha mito, na alichangia ukarabati wa chemchemi kubwa ya Point State Park, pale mito inapokutana. Huenda umewahi kupiga picha hapo siku ya kuapa. Sikwambii uichukie chemchemi, ni nzuri. Nataka uone kwamba mkono mmoja unaweza kukupandia mti na kulipia hoja ya kwamba usingepaswa kuwepo, na vyote viwili vikaitwa hisani kwenye fomu moja ya kodi.

Mambo ya leo nitayapitia haraka, maana yanasemwa kila mahali. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Citizens United, iliruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha bila kikomo kwenye uchaguzi mradi wasimkabidhi mgombea, na kesi nyingine ya mwaka huo ikafungua mlango wa kamati huru zinazoitwa super PAC, zinazopokea michango isiyo na kikomo. Kwa hiyo zile hundi 330 zimerudi, sasa kwa hundi moja. Mwaka 2024 Timothy Mellon, wa ukoo ule ule, alitoa dola milioni 150 kwa kamati ya kumsaidia Donald Trump, na milioni 50 kati ya hizo aliziweka siku moja baada ya Trump kutiwa hatiani New York. Elon Musk alitoa zaidi ya milioni 250. Upande wa chama cha Democratic, wapinzani wa Trump, nao wana wao: George Soros peke yake aliweka milioni 125 kwenye kamati yake kwa ajili ya uchaguzi wa 2022 na kuendelea. Mimi nina maoni yangu, na sitayaficha: naona kikomo kirudi kwa wote. Lakini usikubali mtu akuambie ugonjwa huu una chama kimoja.

Na fedha hushindwa. Michael Bloomberg, bilionea aliyewahi kuwa meya wa New York, alitumia karibu dola bilioni moja zake mwenyewe kwenye mchujo wa urais wa Democratic wa 2020, na alishinda American Samoa tu, visiwa vidogo vya Pasifiki. Aprili 2025 Musk na kamati zake walimwaga zaidi ya milioni 20 kwenye kiti kimoja cha Mahakama Kuu ya Wisconsin, yeye mwenyewe akaenda kusimama jukwaani, na mgombea wake akapigwa kwa karibu pointi kumi. Novemba 2025 hapo kwenu Pennsylvania kulikuwa na kampeni iliyopata fedha kutoka mtandao wa Jeff Yass, tajiri namba moja wa jimbo, ya kuwaondoa majaji watatu wa mahakama ya juu ya jimbo. Wapiga kura wakawabakiza wote watatu.

Ukizitazama kesi hizo utaona mpangilio. Tajiri akija na ngoma, jina lake likijulikana na swali likiwa wazi, watu huweza kumkataa. Anaposhinda kirahisi ni pale ambapo hakuna anayetazama: mchujo wa chama, bodi ya shule, hakimu wa kaunti, uchaguzi wa mwaka usio na rais, ambapo wanajitokeza wachache na kipeperushi kimoja cha posta kinatosha. Kwa hiyo kura yako niipime hivi. Kwenye urais, Pennsylvania mwaka 2016 iliamuliwa kwa tofauti ya kura karibu 44,000 kati ya takriban milioni sita. Si kitu kidogo, lakini wewe ni mmoja kati ya mamilioni. Kwenye mchujo wa mwezi wa tano wa diwani au hakimu wa eneo lako, kura yako na za wenzako kumi wa kazini zinaweza kuonekana kwa macho. Mchujo wa Pennsylvania umefungwa: usipojiandikisha na chama hutapewa karatasi ya wagombea wa chama chochote. Kujiandikisha hufungwa siku 15 kabla. Kama fomu yako ulijaza haraka baada ya kiapo na hukumbuki uliandika nini sehemu ya chama, nenda ofisi ya uchaguzi ya Kaunti ya Allegheny, katikati ya mji, uulize uso kwa uso. Ni haki yako na hawatakuuliza umpigie nani.

Na ile kazi ya kutambua nani amelipia swali, unaweza kuifanya mwenyewe. Kila wakfu binafsi hujaza fomu ya kodi inayoitwa 990-PF kila mwaka, na fomu hiyo ni ya umma. Ndani yake kuna orodha ya kila aliyepewa, kiasi, na sababu. Mara ya kwanza nilipoifungua ya Sarah Scaife Foundation nilikaa nayo usiku kucha, kwa sababu majina niliyokuwa nikiyasikia redioni kama watu wasiojuana yalikuwa yamepangana kwenye kurasa zile zile. Ukikwama, wakutubi wa Carnegie Library hapo mtaa wa Oakland wamezoea maswali ya namna hii. Nisikufiche lakini kwamba fomu haifiki kila mahali. Fedha zikipitia jumuiya za kijamii zisizolazimika kutaja wafadhili, au mifuko ya kati inayopokea kwa huyu na kumpa yule, jina la mwenyewe hupotea njiani. Ukikuta taasisi yenye jina tamu na huoni popote nani anailipia, hiyo nayo ni habari.

Mzee wako usibishane naye. Amesema kitu kikubwa kwa maneno makali kidogo, na ameishi mji huo muda mrefu kuliko sisi sote. Muulize alikuwa anasoma gazeti gani kabla ya mgomo wa 1992 na alijisikiaje lilipofungwa. Utajifunza zaidi kuliko kwangu.

Mdogo wako sasa, na hapa nisikilize kwa makini. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu, anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kuchangia kampeni. Mwenye viza ya masomo au ya kazi haruhusiwi. Fedha ziwe zake mwenyewe, zisiwe za shangazi aliyeko Dar zikapita kwenye kadi yake, na zisiwe zako kwa jina lake. Kabla hajabonyeza, atazame kama kuna kisanduku kilichokwisha kuwekwa alama ya tiki cha kukata mchango kila mwezi, maana dola 25 za mara moja zimewageukia watu wengi kuwa 25 za kila mwezi. Na ahakikishe kamati hiyo iko kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi. Meseji nyingi zenye picha ya mgombea hazimfikishii mgombea hata senti.

Hatari yake haiko kwenye kuchangia. Iko kwenye kupiga kura, au hata kuweka tiki tu kwenye kisanduku kinachosema "mimi ni raia" wakati si raia. Kudai uraia usio nao kunaweza kumfunga mtu njia ya uraia na kumfukuzisha nchini, hata kama alifanya kwa kutoelewa, na siku ya kuomba uraia ataulizwa kwenye fomu kama amewahi kujiandikisha au kupiga kura. Kama alipokwenda kuchukua leseni ya udereva alipitishwa kwenye maswali haraka haraka, au kama nyumbani imewahi kufika barua au kadi ya mpiga kura yenye jina lake, asiitupe, asiijibu, na asikimbilie kwa ndugu anayejua kujaza fomu. Atafute wakili wa uhamiaji, au shirika lenye mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, na afike na karatasi hiyo mkononi kabla hajatuma maombi yoyote mengine.